Karatasi ya Siku ya Sabuni

Wajukuu, niambieni: mugeni ameingia nyumbani mwako, amehamisha kitanda chako, kisha anakushukuru kwa kukubali. Huyo ni nani? Mukishindwa, sikilizeni yaliyotupata hapa Kalemie.

Asubuhi moja mimi na Victorine, muke wa mutoto wangu, tulishuka ziwani kuanika ndagala, wale samaki wadogo, kama kila siku. Tukakuta watu wanachimba mashimo kwenye muchanga wetu. Waya iko, nguzo ziko, na kibao cha shirika la inchi za nje.

"Munafanya nini pa kuanikia samaki?" Victorine akauliza.

"Tunajenga gala, Mama," akajibu Papa Blanchard, musimamizi wao. "Ninyi wenyewe mulikubali."

Akatoa karatasi. Jina langu! La Victorine! Majina arobaini.

"Hii njo karatasi ya siku ya sabuni!" nikapaza sauti. "Tuliandika kwamba tumefika kwenye mukutano wenu."

"Juu imeandikwa kwa Kifaransa: wakaaji wamekubali," akasema Blanchard.

Kwetu ukiitwa mukutanoni unaandika jina, unapewa sabuni, unarudi. Nani anasoma kichwa cha karatasi?

"Basi, ndagala nianike juu ya kipara chako?" Victorine akamuuliza.

Jirani yetu Rebecca, aliyefanya kazi katika biro, ofisi ya mutaa, akafika, akaisoma karatasi yote.

"Kufika si kukubali," akasema. "Shirika lina pesa na magari. Hiyo ni nguvu. Ruhusa ni kitu kingine, inatoka kwa wenye mahali. Papa, nani aliwachagua museme kwa jina letu?"

Blanchard akatazama simu yake. "Nitauliza wakubwa, Ulaya."

"Wao wanaanika ndagala?" Victorine akauliza.

Wiki mbili tulianika juu ya mabati, nusu ikaoza. Rebecca akatuandikia barua. Alitusomea kila neno kwa Kiswahili kabla ya sahihi. Tulidai mukutano palepale muchangani, kwa luga yetu, na komite tuliyoichagua kwa mikono yetu. Nakala moja tukapeleka kwa meya.

Watu wa shirika wakaja. Tukawaonyesha kiwanja kando ya barabara wajenge gala yao kule, wakakubali. Nguzo zikang'olewa, na siku ileile ndagala zikatandazwa, nyeupe mpaka majini.

"Papa Blanchard," Rebecca akasema, "swali langu hujalijibu."

Akavua kofia.

"Hakuna, Mama. Hakuna mutu aliyetuchagua."