Mlio Uliochacha

Nikianza msinikatize. Nikikatizwa nasahau, na haya ya nyumba ya Bortolo si ya kusahau, ingawa yeye mwenyewe angependa sana yasahauliwe.

Lilianza jambo dogo. Alasiri moja ya Kwaresima, pale mjini Padova, Polissena binti Bortolo alikaa karakanani kwa baba yake akionja nyuzi za udi, kile chombo cha muziki cha kupakata. Kuonja nyuzi ni desturi ya kwetu. Mpigaji mwenye adabu hauvamii wimbo kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila hodi. Hugusa mlio mmoja, sauti kadhaa kwa pamoja, akasikiliza, akagusa mwingine, hadi ajue nyuzi zote zimekaa sawa. Ndipo aanze. Na udi wa kwetu shingo yake imefungwa mafundo ya utumbo wa kondoo, na fundo likisogea unene wa ukucha tu, mlio umeshabadilika.

Alionja mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukatoka umechacha. Sauti zilizokuwa ndani yake kila moja ilikuwa nzima peke yake, lakini zilipokutana zilikwaruzana. Hilo si ajabu, hutokea kila siku. Ajabu ilikuwa ukutani. Pale zilining'inia udi nyingine saba, na fundi yeyote anajua kwamba ukipiga mlio mtamu, udi za ukutani huvuma zenyewe kuuitikia. Siku ile milio mitamu mitatu ilipita, ukuta kimya. Ulipokuja huo uliochacha, udi zote saba zikaitika.

Menega, mkewe Bortolo, alikuwa mlangoni na bakuli la dengu.

"Umesikia hilo?" akauliza.

"Nimesikia mafundo yamekaa ovyo," Bortolo akajibu. "Lete hapa, Polissena, niyasogeze."

"Sisemi huo alioupakata. Nasema hizo za ukutani."

"Upepo, mke wangu."

"Upepo gani na dirisha umelifunga mwenyewe? Na nani kazima mshumaa humu?"

Hakuna aliyezima mshumaa. Hakuna aliyewasha. Lakini harufu ilikuwapo, ile ya utambi uliopulizwa sasa hivi, na moshi haukuonekana.

Udi wenyewe uliletwa na mwanafunzi mmoja Mjerumani. Alitaka ufa wa tumbo la udi uzibwe, basi. Mafundo yote aliyakata kabla ya kuuleta, na alipoulizwa kwa nini, alisema usifungwe kitu chochote shingoni. Bortolo alicheka. Fundi gani anarudisha udi uchi, watu wamcheke hadi Vicenza? Akafunga mafundo mapya kwa heshima ya jina lake. Mjerumani hakurudi tena.

"Na mtu anaacha udi mzuri hivi, haji hata kuuliza?" Menega alisema. "Mimi simwamini. Wala huo udi siuamini. Hata wewe, Bortolo, tangu uingie humu, sikuelewi."

"Wewe ulimwamini nani tangu uzaliwe?"

Basi hapo ndipo Bortolo alipokosea, na ni kosa ambalo asingelifanya mwokaji mikate wala mshona viatu. Mafundo ya udi ni kama shuka fupi. Ukilivuta kichwani, miguu inabaki nje. Huwezi kuufanya kila mlio uwe mtamu, kwa hiyo fundi mwenye busara huugawa uchachu: kila mlio unapewa kidogo, na sikio halilalamiki. Bortolo alijua hivyo kuliko mtu yeyote mjini. Lakini alikuwa na kiburi, naye hakuvumilia kuuacha mlio ule wa nne ukimcheka mbele ya mkewe. Akasogeza fundo hili, akalivuta lile, akaupa mlio mmoja utamu wote. Ulipotoka, akaketi chini akalia kama mtoto. Ulikuwa mtamu namna ambayo hajawahi kusikia. Milio mingine yote ya udi ule ikaoza siku hiyo hiyo.

Polissena hakutaka kupiga kitu kingine. Kutoka kwa mlio ule alipata milio ya ukoo wake, ambayo haijawahi kupigwa na mtu, kila mmoja ukienda usikotarajia. Sikio linadhani sasa tunatua, tunapumzika, kumbe unashuka ngazi isiyokuwapo. Majirani walisimama barabarani wakisikiliza. Mpishi wa kasisi alisema, "Binti yenu ana kipaji." Menega alimwangalia mpishi yule kwa jicho baya, akajiuliza kama naye ametumwa.

Wiki ya pili, Polissena akauliza, "Kengele za kanisa zimepasuka?"

"Hazijapasuka."

"Mbona zinalia vibaya?"

Siku tatu baadaye alimkatiza baba yake katikati ya neno. "Baba, nakuomba usiongee. Sauti yako inaniumiza." Na Jumapili, Menega alipomwita aje ale, binti aliziba masikio kwa viganja, akatoka chumbani amejaza manyoya ya kondoo masikioni.

Hapo moyo wa Menega ulipasuka. Alizaa watoto watano akazika wanne, na huyu wa tano alikuwa hai mbele yake, hamtaki. Hakukaa tena mezani kwa sababu mezani watu huongea. Akiitwa hageuki. Ila karakanani, mbele ya ukuta, alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelezwa jambo akalikubali.

Menega alimshuku mumewe. Akamshuku mpishi. Akawashuku Wajerumani wote wa mji ule, na ni wengi. Kisha adhuhuri moja, Bortolo yuko sokoni na Polissena amejilaza usingizi wa mchana, akachukua kisu akaingia karakanani. Alikata nyuzi za udi zote saba za ukutani, na huo wa Mjerumani akaukata wa mwisho, akasimama akihema katikati ya nyuzi zilizojikunja sakafuni, na harufu ya utambi ikamjia puani, na matumbo yale matupu ya mbao, yasiyo na hata uzi mmoja, yakaanza kuvuma, taratibu, mlio ule ule, akarudi nyuma hadi jikoni na sufuria nazo zikivuma, akapanda ngazi mbio akimwita mwanawe asiyetaka kumsikia, akamkuta amelala kifudifudi, akamwinamia, akaweka sikio mgongoni kwake ili walau asikie pumzi, na pale chini ya mbavu, badala ya pumzi, akausikia mlio wenyewe, umetulia, uko nyumbani.

Kasisi aliletwa na maji ya baraka. Bortolo alilalamika kwamba maji yanabandua gundi, akaambiwa anyamaze. Kasisi alisoma ukurasa mmoja, akasikiliza, akasema atarudi baada ya Pasaka. Alisahau hata kofia.

Ndipo Menega akamfuata Dona Gnese, mjane aliyeosha matumbo ya kondoo kwenye mfereji na kuyasokota kuwa nyuzi. Alinuka, mikono imechubuka kwa magadi, lakini alitibu jicho baya na homa za watoto, na wakubwa walimwendea kwa mlango wa nyuma. Alikuja na aproni yake ya kazini. Hakuuliza habari za binti. Aliuchukua udi, akapitisha kidole shingoni.

"Nani alisogeza mafundo haya?"

Bortolo akajifanya anatafuta patasi.

"Nauliza, nani?"

"Mimi," Bortolo akanong'ona.

"Mlio ule ulikuwa unabisha hodi, fundi. Mwenye akili angeuacha uendelee kuchacha pale nje mpaka uchoke. Wewe umeutengenezea mlango, ukaupaka na mafuta usipige kelele."

"Basi nitayakata! Nitauchoma!"

"Choma. Mlango utaungua. Mgeni yuko ndani tayari." Akaelekeza kidevu kwa Polissena, aliyekaa dirishani na manyoya yake masikioni.

"Atoke vipi?" Menega akauliza kwa sauti ya chini sana.

"Hawa hawatoki kwenda barabarani. Huyu anahama tu, anaenda kwa anayemkaribisha. Mtu amkumbatie binti, aseme karibu, na awe amekubali kweli. Halafu mtu huyo, kila sauti ya binadamu itamchachia mpaka siku anakufa. Na anayempenda zaidi ndiye atakayemuumiza zaidi. Sikufichi."

Menega alimgeukia mumewe. Akangoja. Ilikuwa haki yake kungoja, kwani mikono iliyofunga mafundo ilijulikana ya nani. Bortolo alitazama mikono hiyo, akatazama udi zake saba, akarudi hatua moja nyuma. Fundi asiye na masikio ni nini? Nadhani alikuwa akijiuliza hivyo. Mimi sikumsamehe, na sidhani kama Menega alimsamehe.

"Haya," Menega akasema. "Ondokeni hapo njiani."

Akapiga magoti mbele ya dirisha, akamkumbatia mwanawe aliyekuwa akimsukuma na kujinyonganyonga kwa kuogopa sauti yake, akaweka mdomo kifuani kwake akasema, "Karibu. Karibu kwangu. Njoo wewe mwenyewe, mwache huyu." Harufu ya utambi ikajaa chumba hadi Bortolo akakohoa. Kitu fulani kikavuma mara moja kwenye mifupa ya wote waliokuwapo, kisha nyumba nzima ikawa kimya.

Polissena akatoa manyoya masikioni, akayatazama kama hajui yamefikaje. "Mama," akasema, "nina njaa mimi. Mbona mnalia?"

Bortolo alipiga ishara ya msalaba akashangilia. Dona Gnese hakushangilia. Alimtazama Menega tu, naye Menega alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, uso umempauka.

"Usimwambie," Gnese akamnong'oneza akipita, na hata ule mnong'ono ulimkata.

Udi ulichomwa. Bortolo hazungumzi tena na mkewe, anaonyesha kwa vidole, na watu wanasema ni huruma. Menega anadhani ni aibu. Polissena amerudi kuwa mtoto wa kuongea. Wiki zote zile alizonyamaza anataka kuzifidia, kwa hiyo kila asubuhi anasogeza kigoda chake karibu kabisa na cha mama yake, wanamenya maharage, na anaanza: kijana wa mwokaji mikate kasema hivi, mbuzi wa jirani kafanya vile. Kila neno linaingia kwa Menega kama msumeno kwenye ubao mbichi. Anakunja ngumi chini ya aproni. Amejifunza kufuata maneno kwa macho ili acheke panapostahili.

"Mama, mbona siku hizi unanitazama mdomo tu?"

"Nafurahi kukuona unaongea," Menega akasema. "Endelea, mwanangu. Huyo mbuzi akafanyaje?"