Mama Mkwe wa Pili

Fundi sauti ndiye aliyesikia kwanza. Mwigizaji mpya alikuwa hajafungua kinywa, lakini ndani ya vipokea sauti vya masikioni mtu alivuta pumzi, akakohoa kidogo, akatulia. Fundi akavivua, akavipangusa, akavivaa tena. Pumzi ile ile.

Akaendelea kurekodi. Kibarua kilikuwa kinaota nyasi kwa wote. Miaka tisa tamthilia yao ilibebwa na mwanamke mmoja, Mama Mkwe mwenye ulimi wa upupu, ambaye watu walimtukana njiani kwa mapenzi. Miguu ilipoanza kumvimba, mwongozaji alimwondoa kwa ujumbe wa simu, akaweka sura mpya kwa mhusika yule yule. Mwezi haukuisha, mwenyewe akafariki. Watazamaji nao wakahama, wiki hadi wiki.

Asubuhi ile sebule ya kuigizia ikanuka dawa ya kuchua, ile aliyojipaka marehemu magotini, na yule mpya, badala ya kumsema mkwe wake kama ilivyoandikwa, akageuka taratibu kumtazama mwongozaji, akatoa sauti nzito ya kukwaruza ya marehemu ambaye kila mtu mle ndani alimwona akizikwa, na midomo yake ikawa inachelewa, inayafuata maneno kwa nyuma kama mtu anayekariri asichokielewa: "Mnanibadilisha kama pazia?"

"Kata," mpiga picha alinong'ona.

"Ole wako ukate," mwongozaji akasema.

Kipande kile kilirushwa. Watazamaji walirudi kama nzi kwenye kidonda.

Mume wa mwigizaji mpya, fundi cherehani mpole, ndiye aliyemleta mganga studio. Bibi yule alinusa shingo ya mwanamke, akatikisa kichwa.

"Si marehemu huyu. Ni jini lake. Lilimkalia miaka yote hiyo, likizoea kutazamwa. Mlipomwondoa, likatafuta kiti kingine."

"Linatoka?" mume akauliza.

"Linatoka. Mzikeni Mama Mkwe kwenye mchezo wenu, watu waone kaburi, waache kumngoja. Bila macho ya watu halina chakula."

Mwongozaji alicheka kwa pua. "Nimzike sasa hivi, ndiyo kwanza nchi nzima imerudi?"

"Kaka, nakuomba," mume akasema kwa sauti ya chini. "Nyumbani mke wangu hamjui tena mtoto wake."

"Shemeji, vumilia. Msimu mmoja tu."

Mganga akafunga kifurushi chake. Hakuna aliyemsindikiza.

Jioni ya kipindi kilichofuata, familia ilikaa mbele ya televisheni. Mwanamke alijitazama kwenye skrini bila kupepesa, magoti yake yamevimba, chumba kizima kinanuka dawa ambayo hawakuinunua. Binti yake wa miaka sita alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasogea kwa baba yake, akamnong'oneza sikioni:

"Baba, mama atarudi lini?"