Rangi Nyekundu Kwenye Jalada

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia sebule huku akiongea. Jina hilo la utani alipewa na kaka yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Siku ile aliongea hata alipochomoa rafuni kitabu cha katuni cha kaka, kitabu cha zamani alichokatazwa kukigusa. Jalada likachanika pembeni, mpasuko mdogo tu.

Angesema, yangeisha. Badala yake aliubana mpasuko kwa gundi, akaupaka kalamu ya rangi nyekundu mpaka weupe wa karatasi ukafichika. Kisha akajipongeza, mjinga yule.

Mchana alifuatana na kaka kwa mkaguzi wa vitabu vya zamani, mama mmoja mkavu asiyejua kucheka. Mpiga picha wa mtaani alikuwa akiwasubiri huko. Alikubali kubadilishana kamera yake na kitabu kile, mradi mkaguzi akipe daraja la "kizuri". Kaka alikuwa ameiota kamera hiyo mwaka mzima.

Mkaguzi alifuta vumbi kwa kifutio laini, akawasha taa, akainamia kioo cha kukuzia.

"Nani amepaka rangi hapa?"

"Hakuna, mama," kaka alijibu.

"Usinifanye mtoto. Kuna gundi, na wino wenyewe ni mpya."

Chiriku alijibanza nyuma ya kaka.

"Mbona na wewe umekisafisha sasa hivi?" kaka alijitetea.

"Mimi nimeondoa kisicho chake. Aliyepaka ameongeza kisicho chake. Huo ni ukarabati, na kilichokarabatiwa hakipati 'kizuri'." Akabandika lebo: KIMEKARABATIWA.

Mpiga picha aliitundika kamera begani. "Kumbe wewe ni tapeli," alimwambia kaka mbele ya wateja, nao wakacheka. Kaka alitazama chini, machozi yakimlengalenga.

Hapo Chiriku akaipata sauti yake. "Ni mimi. Nilikichana, nikaficha. Kaka hakujua."

"Basi nisamehe, kijana," mpiga picha alisema. "Lakini kitabu sikitaki tena." Akaenda zake.

"Mama, tafadhali, bandua hiyo lebo," Chiriku alilia.

"Lebo haisemi nani alifanya. Inasema kilichofanyika." Mkaguzi alizima taa. "Ungeniletea kikiwa na mpasuko wake, ningekipa 'kizuri', na kaka yako angerudi na kamera. Kosa lilikuwa dogo, kulificha ndiko kulikokiponza kitabu. Leo umemsafishia jina, na umefanya vyema. Lakini kamera ameikosa. Siku nyingine sema mapema, kabla mwenzako hajalipia."

Njiani kaka hakumgombeza. Chiriku alitamani angemgombeza. Walipofika nyumbani, kaka alikisimamisha kitabu mezani, mkabala na kitanda cha mdogo wake, lebo ikitazama mto.

"Ni chako sasa," alisema. "Si umekitengeneza wewe?"