Matofali Mawili ya Mwokaji

Mtaa mzima uliamka kwa harufu ya mkate. Duka la Mwokaji lilikuwa pale kwenye kona, na nyuma yake kulikuwa na tanuri kubwa la matofali lenye mlango wa chuma. Mwokaji alikanda unga. Mkewe aliuza dukani. Binti yao, msichana wa miaka ishirini na mmoja, alitoa mikate kwa koleo refu la mbao na kuipanga kwenye trei.

Na binti huyo alikuwa na mbio! Si mbio za kuwahi basi, la. Mbio ndefu, kilomita kumi bila kutua. Mwokaji hakuweza kulificha jambo hilo. Ukinunua mkate mmoja, unapewa na habari za binti. Ukinunua miwili, unatajiwa mpaka dakika alizokimbia.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "watu wamefuata mkate, hawakuja mkutanoni."

"Kizuri chajiuza, mke wangu, najua. Mimi nakisaidia tu."

Mwaka ule mji ulikuwa unachagua timu ya mbio ndefu. Kwa wanawake nafasi zilikuwa nne tu. Wawili wangetoka katika mchujo wa kwanza, na wawili katika mchujo wa pili. Binti aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Baba yake aliitaka pengine zaidi yake.

Sasa, Mwokaji alikuwa na imani yake. "Mwili ni kama tanuri," alisema. "Usipoupasha moto kwanza, hauna kazi." Hapo hakukosea hata kidogo. Alikosea njia. Kila siku ya mazoezi alimkalisha binti kwenye kigoda mbele ya mlango wa tanuri, kavaa sweta, nusu saa nzima. Jasho likianza kumchuruzika, baba anapiga makofi.

"Haya, umeiva! Nenda!"

Binti anainuka kigodani na kuondoka kwa kasi hapo hapo. Dakika za mwanzo miguu huwa mizito na kifua kinambana. Yeye alidhani ndivyo mbio zilivyo. Baba amesema, basi.

Siku ya mchujo wa kwanza, uwanja ulikuwa mbali na tanuri. Je, Mwokaji alishindwa? Thubutu! Alichoma matofali mawili mpaka yakapata moto, akayaviringisha kwa mataulo na kuyabeba kwenye kapu. Uwanjani akamkalisha binti kwenye benchi na kumwekea tofali moja kila paja. Wakimbiaji wengine walikuwa wanakimbia polepole kuzunguka uwanja.

"Waone wale," Mwokaji akanong'ona. "Wanamaliza nguvu kabla ya mbio. Wewe tulia hapa."

Filimbi ikalia. Binti akachomoka mbele ya wote. Mwokaji akaruka na kapu lake mkononi. Lakini walipofika kilomita ya pili, msuli wa shavu la mguu ulimkaza binti, ukamchoma kama kisu. Akasimama. Akarudi akichechemea, machozi yakimtoka, huku wenzake wakiishilia mbele.

"Mzee wa mikate!" mtu mmoja akapiga kelele. "Huyo umemtoa mbichi!"

Watu wakacheka. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu, na guu likaumia vilevile.

Zahanati walimwambia apumzike wiki mbili, kisha aanze tena taratibu. Mchujo wa pili ulikuwa baada ya wiki nane.

"Baba," binti akasema siku hiyo, mguu wake ukiwa juu ya gunia la unga, "huo ndio wa mwisho. Nikishindwa tena, naacha mbio. Nimechoka kuchekwa."

Mwokaji aliendelea kukanda unga ambao ulishakandika. Siku tatu nzima wateja walinunua mkate bila kupewa habari zozote, na duka likawa kimya mpaka wenyewe wakaona ajabu.

Siku ya nne akaingia Fundi Saa. Huyu alikuwa mama jirani, mtengenezaji wa saa, duka lake likitazamana na lao. Zamani alikuwa mkimbiaji, na baadaye aliwafundisha wengine. Mpaka leo alivaa saa mbili mkono mmoja, moja ya kumwambia wakati, nyingine ya kuikagua ile ya kwanza.

"Jirani," akasema, "nimesikia habari za matofali."

"Na wewe umekuja kunicheka?"

"Kucheka nimeshacheka nyumbani. Hapa nimekuja kuuliza. Ukiwasha tanuri kali mno, ukatia mkate, ukauona umekuwa wa kahawia upesi, unautoa?"

"Ala! Nje umeungua na ndani ni unga mtupu! Nani atanunua?"

"Basi binti yako ulimtoa hivyo. Jasho la tanurini ni la ngozi. Ngozi ilipata moto, misuli ilikuwa bado imelala. Moto wa mkimbiaji hautoki nje, jirani. Unatoka ndani, kwa kujongea."

Mwokaji alisimama na unga mikononi. Ndani ya moyo alisikia aibu, maana jambo lenyewe lilikuwa la kazi yake, na alilijua tangu ujana. Akamgeukia binti.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikuongoza vibaya, tena mbele za watu."

"Baba, ulitaka nishinde," binti akasema. "Sasa tujifunze wote."

Mguu ulipopona, wakaanza. Jioni Fundi Saa aliwapeleka barabarani, mbele ya duka.

"Kwanza, kimbia polepole," akasema. "Dakika kumi mpaka kumi na tano. Polepole kiasi cha kuweza kuongea. Ukianza kuhema, umezidisha."

"Niongee nini, shangazi?"

"Msengenye baba yako. Hayo hayaishi."

Aliporudi, uso wake ulikuwa umechangamka. Ndipo Fundi Saa akamwonyesha mazoezi ya viungo. Akashika ukuta na kuurusha mguu mbele na nyuma, kisha upande kwa upande. Akatembea kwa hatua ndefu akipinda magoti. Akainua magoti juu, kisha akapiga visigino nyuma.

"Mbona hatukai chini tukavuta misuli?" Mwokaji akauliza. "Nimewaona watu wanashika vidole vya miguu mpaka wanatetemeka."

"Kuvuta msuli kwa muda mrefu kunaulegeza. Hayo ayaache mpaka amalize mbio. Kabla ya mbio viungo vinataka mwendo."

Mwisho wa yote akataka mbio fupi za hatua mia moja. Binti aanze taratibu na kuongeza kasi mpaka ikaribie ile ya mashindano, kisha arudi akitembea. Mara nne, au tano.

"Hapo mwili unajua unakwenda wapi. Lakini asichoke. Akichoka, umeunguza mkate."

"Na kila siku afanye yote haya?" mama mtu akauliza kutoka dukani.

"Siku ya mashindano na siku ya mazoezi ya kasi. Siku ya kukimbia kwa kawaida aanze tu polepole, mwili utajipasha wenyewe. Na mbio zikiwa ndefu sana, saa mbili au tatu, apunguze kujipasha, maana kilomita za mwanzo zitamsaidia."

Walihitaji alama za zile hatua mia. Mwokaji akaingia ndani, akatoka na yale matofali mawili. Akayapaka chokaa, akaweka moja mlangoni kwake, akahesabu hatua mia na kuweka la pili.

"Angalau yamepata kazi," mkewe akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile binti akacheka mpaka akashika mbavu.

Siku ya mchujo wa pili walifika mapema. Dakika arobaini kabla ya mbio binti alianza kukimbia polepole, sweta mwilini. Akafanya mazoezi ya viungo. Akamaliza zile mbio fupi zikiwa zimebaki dakika kumi. Akanywa maji kidogo, akavua sweta na kumpa baba yake.

Mara kipaza sauti kikalia. Gari la wagonjwa halijafika. Mbio zimechelewa kwa dakika ishirini.

Lo! Wengi wakaketi kwenye nyasi. Wengine wakalala chali. Binti akamtazama baba yake. Fundi Saa hakuwepo, alikuwa na wateja. Hapakuwa na mtu wa kuuliza.

Mwokaji akafikiri kidogo. Mkate ukitoka tanurini na mteja amechelewa, unafanya nini?

"Unaufunika," akasema kwa sauti. "Mwanangu, vaa sweta! Usikae. Tembea, kimbia kidogo kidogo. Zikibaki dakika tano, fanya mbio fupi mbili tu."

"Ndiyo, baba!"

Filimbi ilipolia, binti hakuchomoka. Aliondoka akiwa wa nane, miguu myepesi, kifua wazi. Wale walioketi wakaanza kwa kishindo, na walipofika kilomita ya tatu wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Alipofika ya sita alikuwa wa nne. Ya tisa, wa tatu. Mwokaji alikuwa amelikumbatia sweta na kulikunja kama kitambaa cha jikoni.

"Sasa, mwanangu! Sasa!"

Kwenye kona ya mwisho binti akaongeza kasi taratibu, vilevile alivyofanya kati ya matofali mawili, akampita wa pili na kuvuka mstari. Wa pili! Ameingia timuni! Mwokaji alilia hadharani, mtu mzima na mwili wake, wala hakujificha.

Yule aliyewacheka siku ile akapita. "Mzee, leo umemwivisha!"

"Amejiivisha mwenyewe," Mwokaji akajibu, kifua mbele. "Mimi nilishika sweta."

Leo ukipita mtaa ule utayaona matofali yale bado yapo, meupe kwa chokaa. Wakimbiaji wa mitaa mingine huja kufanyia pale mbio zao fupi. Juzi fundi mwashi aliyekuwa anajenga ukuta jirani alipungukiwa matofali.

"Mzee, niuzie hayo mawili. Yamekaa bure tu barabarani."

"Bure?" Mwokaji akafuta mikono kwenye aproni. "Chukua tanuri zima ukitaka. Hayo yamemwingiza binti yangu kwenye timu."