Taa ya Kijani ya Mheshimiwa Purvis

Maiti ilikuwa imepiga magoti.

Mchana ule watu kadhaa walichungulia chumba cha sala cha Bunge la jimbo, wakamwona Mheshimiwa Dale Purvis ameinamia kiti, mikono ameikunja, wakaurudishia mlango polepole wasimkatishe maombi. Kumbe walikuwa wanamstahi marehemu. Jioni mfagiaji ndiye aliyemgusa bega.

"Kapigwa kisogoni kwa kinara hiki cha shaba," daktari wa polisi alimwambia Inspekta Wade Stovall. "Halafu akapangwa hivi. Alikufa kabla ya chakula cha mchana."

"Haiwezekani. Alasiri amepiga kura."

"Labda. Lakini si kwa mkono huu."

Chini ya kuba, akina mama wa Umoja wa Familia walikuwa bado wanaimba tenzi za shukrani. Sauti zilipanda ngazi za marumaru zikaingia chumbani, kana kwamba zinamwimbia yeye. Muswada wao ulikuwa umepita kwa kura moja: shule isimpe mtoto dawa bila wazazi kuambiwa. Wote walikuwa wameiona taa ya Purvis kwenye ubao wa kura, kijani, yaani ndiyo.

Stovall alimwita kiongozi wao, Bibi Lorna Haskell.

"Purvis alikuwa upande wenu?"

"Miaka yote. Leo asubuhi nimempelekea pai, hakunitazama usoni. Nikajua Spika keshamnunua."

"Kwa pesa?"

"Pesa ya nini, mwanangu? Kwa cheo. Uenyekiti wa kamati ya barabara. Hawa wakubwa watauza kaburi la mama yao, mradi wapewe kiti cha kuzunguka."

Simu ikaita. Spika mwenyewe.

"Inspekta, yamalize kimya kimya. Tuseme moyo ulisimama."

"Moyo haukai kisogoni, Mheshimiwa," Stovall akajibu, akakata. Wamezikwa wangapi kwa maneno ya namna hiyo, na wakubwa wakala chakula chao vizuri tu!

Aliteremka ukumbini. Viti vilikuwa vitupu, isipokuwa kimoja. Mheshimiwa Royce Tackett, mwenye muswada na jirani wa kiti cha Purvis, alikuwa amekaa gizani peke yake.

"Ni wewe uliyembonyezea Purvis kitufe cha kura?"

"Ndiyo. Kila mtu humbonyezea jirani yake akitoka. Unanyoosha mkono tu. Spika anajua, bibi wa kahawa anajua."

"Ulidhani yuko wapi?"

"Anavuta sigara."

Stovall alimwashiria karani aliyekuja naye. Ubao mkubwa ukawaka, kura za alasiri zikapita moja moja.

"Muswada wa mifugo, jina la Purvis halina taa. Wa visima, halina. Wenu wa dawa, kijani. Wa leseni za uvuvi, halina tena."

"Nilisahau."

"Jirani anayevuta sigara hubonyezewa mchana kutwa, kaka. Wewe ulimbonyezea mara moja tu. Kwa nini?"

Tackett alikitazama kidole chake kama si chake.

"Niliogopa kurudia," alisema. "Nilipobonyeza, kiti chake kililia. Vilevile kinavyolia akikaa. Sikugeuka. Alasiri yote nilisikia mtu anapumua pale, na sikugeuka."

"Ulimfuata chumba cha sala?"

"Yeye ndiye aliyeniita. Akasema tuombe pamoja, maana atapiga kura ya hapana. Tuombe! Binti yangu Corrie alipewa vidonge shuleni, sisi tukaambiwa siku tuliyoitwa kuutambua mwili. Mke wangu hakumaliza mwaka. Dale alisimama kaburini kwao, akanishika mkono, akaapa atauunga mkono muswada huu. Leo ananiambia barabara za wilaya yake ni mbovu. Nikamwambia basi piga magoti kwanza. Akapiga. Akafumba macho."

Stovall alitoa pingu, na Tackett akanyoosha mikono bila kuambiwa.

"Nifungwe, ninyongwe, sawa. Muswada si umepita?"

"Karani kaniambia Spika amefuta kura, maana maiti haipigi kura. Watapiga upya Jumatatu."

"Bila Dale."

"Na bila wewe."

Tackett aliinua macho ubaoni. Midomo yake ikaanza kuhesabu taa za kijani, akaondoa ya Purvis, akaondoa yake, akarudia tangu mwanzo. Hazikutosha. Kisha akaacha.

"Corrie," aliita kwa sauti ndogo, akikitazama kile kiti kitupu cha Purvis, "baba amekuharibia."