Uzi Uliokatwa Upande Mmoja

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mgonjwa wa kitanda cha nne, mwalimu mstaafu, alichomwa sindano ya dawa isiyopatana na mwili wake. Saa tatu na nusu alikuwa maiti. Saa tano nesi aliyemchoma alikuwa mahabusu.

Alhamisi asubuhi Inspekta aliingia chumba cha kompyuta cha hospitali akiwa amefura. Mama huyu alichukia kitu kimoja kuliko uhalifu wenyewe: mnyonge kuangushiwa jumba bovu.

"Kompyuta ilimwonya nesi, akapuuza," alisema mkuu wa programu, ambaye hospitali nzima ilimwita Profesa.

"Nionyeshe hilo onyo linatoka wapi."

Profesa alichora nukta mbili ubaoni, akaziunganisha. "Hii ni dawa, huu ni ukoo wake, yaani kundi la dawa za jamii yake, na huu uzi kati yao. Faili la mgonjwa likisema ukoo huu unamdhuru, programu inafuata uzi kutoka kwenye dawa hadi kwenye ukoo, inatoa onyo. Kila uzi tunauandika pande zote mbili."

Inspekta alitaka kuona. Kwenye ukoo, dawa ile ilikuwepo. Kwenye dawa, ukoo haukuwepo. Kwa hiyo Jumanne onyo halikutoka kabisa.

"Basi karani kafuta," Profesa alisema haraka. "Nyuzi anaziingiza yeye."

Karani, aliyekuwa kwenye kompyuta ya pembeni, aliruka kitini. "Afande, mimi simo!"

"Tengeneza uzi wa majaribio, kisha uufute. Hapahapa, naangalia."

Karani alifuta. Pande zote mbili zilitoweka kwa mpigo. Alirudia mara tatu, ikawa vilevile.

"Aliyefuta upande mmoja hakupitia skrini hii," Inspekta alisema. "Aliingia kwenye hifadhi yenyewe ya data, akafuta kwa mkono. Nani ana nywila ya huko?"

"Bosi peke yake," karani alijibu, akimwonyesha Profesa kwa kidole. "Na Jumatatu saa tisa alasiri aliwaonyesha wageni toleo jipya la programu, kwa dawa hiyohiyo. Asubuhi lilikuwa linaganda. Walipofika, likakimbia."

Profesa aliketi. "Lilikuwa linazunguka. Dawa, ukoo, dawa, ukoo, bila kusimama. Nilikata upande mmoja lisimame. Nilikusudia kuurudisha jioni, nikasahau."

"Njia halali ilikuwa ipi?"

"Kuliwekea alama kila mahali lilipokwisha kupita, lisirudi. Mistari minne tu."

"Minne! Ukaona uvivu, mtu akafa. Na nesi je?"

"Niliogopa."

"Uliogopa wewe, akafungwa yeye!" Inspekta alipiga meza, damu ikimchemka. "Simama, mshenzi wewe!"

Alimpeleka kituoni, akamsimamisha mbele ya nesi na kumlazimisha arudie yote kwa kinywa chake. Nesi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akalia kwa hasira.

"Siku mbili mmeniuliza kwa nini nilipuuza onyo," alisema. "Jana nikaanza kulikumbuka. Rangi yake, maneno yake, kila kitu. Leo asubuhi nimeomba karatasi nikasaini kwamba nililiona."