Bangi Isiyo na Mbegu

Mtoto Mohau alikutwa amekufa kitandani kwa bibi yake, chini ya mablanketi matatu, uso umezama kwenye mto. Alikuwa na miezi kumi na minane, na mwilini hakuwa na jeraha hata moja.

Inspekta Lesenya alipanda milima ya Mokhotlong kwa farasi, na kabla hajavua kofia alishapata mshukiwa. Seabata, mjomba wa mtoto, alimpokea mlangoni akiwa amenyoosha mikono ya kufungwa pingu.

"Ni mimi, afande. Nilikuwa navuta bangi, nikampulizia moshi anyamaze."

Kesi inayojileta yenyewe ilimtia Lesenya shaka siku zote. Akaondoka na maiti, akamwacha Seabata na mikono yake.

Siku ya pili daktari wa wilaya alimpa majibu. Mapafu yalikuwa safi. Tumboni mlikuwa na uji wenye mafuta, na damu ilijaa ile kemikali ya bangi inayolevya, kiasi cha kumwangusha mtu mzima. Mtoto alilegea asiweze hata kugeuza shingo, akakosa pumzi. Lesenya akarudi mlimani.

"Uji alipika nani?"

"Mimi," alijibu Seabata.

"Bangi uliitiaje?"

"Niliitia tu."

"Mbichi? Uliikaanga?"

Seabata alimtazama mama yake. Bibi 'Mamotebang akaweka mwiko chini.

"Mwache mwanangu, afande. Huyu hata kuwasha jiko hajui."

Akaeleza bila kuulizwa. Binti yake alipata kazi kiwanda cha nguo Maseru, akamwachisha Mohau ziwa ghafla. Mtoto alilia siku tano, hali, halali. Kwa desturi yao, mtoto wa kuachishwa ziwa hutwangiwa mbegu za bangi, zikatiwa kwenye uji. 'Mamotebang mwenyewe alilishwa, na wanawe sita aliwalisha, wakalala vizuri na wakaamka. Ila mwaka huu Seabata alipanda miche mipya aliyopewa na wanunuzi, na midume yote akaing'oa ili maua yanone yasizae mbegu.

"Nilizunguka shamba zima sikupata mbegu hata moja. Nikasema, mmea si ni ule ule? Nikachuma maua, nikayakaanga kwa mafuta."

"Mbegu hazilevyi, mama. Sumu iko kwenye maua, na moto ndio unaiamsha," alisema Lesenya.

"Nani angeniambia?"

Lesenya alimuuliza kama hakushtuka kuona jinsi mtoto alivyolala.

"Nilifurahi," alisema bibi. "Nikamwongezea blanketi."

Hapo Lesenya alitamani kesi ingekuwa ya mjomba mlevi. Sheria iliita jambo hili kuua bila kukusudia, na kosa lilikuwa la mwanamke mwenye miaka sabini na mbili.

"Nifunge sasa hivi, mwanangu," bibi akamsihi. "Nipeleke kabla binti yangu hajafika. Nitajibu kila kitu mahakamani. Yeye siwezi kumjibu."

Lesenya akatoa pingu. Alikuwa amechelewa. Binti alikuwa tayari anapanda mteremko, nusu akikimbia. Walikuwa wamemtumia ujumbe kwamba mtoto anaumwa tu, maana habari ya kifo haipelekwi kwa simu.

Alisimama mlangoni, blauzi imelowa maziwa kifuani.

"Nimeacha kazi," alisema, huku akifungua vifungo. "Mleteni anyonye. Akinyonya atapona."